Kujitolea kulinda ndege wa pwani: linda saa, si ufuo mzima

Ndugu yangu uliyeuliza, nimeona nisikujibu kwa mstari mmoja. Umesema umeona watu wakifukuza ndege kwa mbwa pale mto Sabaki unapoingia baharini, unataka kujitolea lakini hujui uanzie wapi, hujui umwambie nini anayewasumbua, na mwisho ukauliza kama kuna posho. Mimi ni mtu wa Watamu. Kazi hiyo nimeifanya misimu kadhaa, zaidi huku hori ya Mida (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu), na mara mojamoja huko kwenu Sabaki.

Kwanza achana na mawazo ya kulinda ufuo wote mchana kutwa. Hutaweza, na wala hakuna haja. Kinacholindwa ni saa. Maji yakipwa ndege hutawanyika matopeni, kila mmoja na riziki yake. Mtu akipita wanasogea kidogo, kisha wanarudi. Shida huja maji yakijaa. Matope yote hufunikwa na ndege hubanana kwenye fungu moja la mchanga wakisubiri. Hapo ndipo wanapopumzika, wamesimama kwa mguu mmoja, mdomo wameuchomeka mgongoni. Ukiwarusha wakati huo hawana pa kutua. Watazunguka hewani mpaka uondoke, huku wakiunguza mafuta ya mwilini waliyoyahangaikia tangu maji yalipopwa.

Sasa tazama mambo yanavyogongana. Siku za bamvua, yaani maji makuu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji kwetu hujaa alfajiri, halafu tena kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Na hiyo saa kumi jioni ndiyo watu hutoka kupunga upepo, vijana hucheza mpira, wenye mbwa huwatembeza. Wote mchanga wanaoutaka ni ule ule. Bamvua ikiangukia Jumamosi, usiseme! Siku za maji mafu, yasiyojaa sana, sehemu kubwa ya mchanga hubaki kavu, ndege hujitenga wenyewe, nawe unaweza kukaa nyumbani ukanywa chai yako. Kwa hiyo kabla ya kutafuta darubini, tafuta jedwali la maji. Huna? Muulize mvuvi yeyote. Ila ukija Mida kumbuka kwamba ndani ya hori maji huchelewa kuliko huku nje.

Msimu wenyewe hasa ni wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki. Ndege wageni huanza kuingia mwishoni mwa kusi, upepo wa kusini, na Aprili wengi huwa wanaondoka. Kuna wale vitwitwi wenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini. Mmoja ana gramu 60 hivi, na anakwenda kuzaa Siberia, kwenye nyika za barafu. Machi na Aprili utawaona wanabadilika rangi kuwa wekundu kama tofali, na wanakula bila kuinua kichwa. Miezi hiyo ndiyo usiyotaka warushwerushwe ovyo, kwa sababu yale mafuta ndiyo nauli yao.

Lakini mimi, nikisema ukweli, mapenzi yangu yako kwa yule mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, mla kaa, Waingereza humwita crab plover. Yeye huzaa kwenye visiwa na fukwe za Uarabuni, Oman ikiwamo, na kwenye Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Mtoto husafiri na wazazi mpaka huku, na ukubwa wote ule bado hajajitegemea. Utamwona Mida, wa kijivujivu, kimo sawa na mzazi wake, anamfuata nyumanyuma akipiga mluzi kudai chakula. Mzazi anamnasa kaa, anampiga chini, miguu inakatika, ndipo mtoto anapokea. Nimewahi kumwonyesha mama mmoja aliyekuja kuokota kuni za mikoko iliyoanguka, akacheka mpaka akakaa chini: "Huyu ni kama wangu wa nyumbani!"

Wakati wa kusi kuna kazi nyingine. Buabua, wale ndege wa baharini, hutaga Whale Island, kile kisiwa cha mawe mlangoni mwa hori. Mayai yako peupe juu ya mwamba, na mzazi huyakalia pia ili kuyakinga na jua. Mtu akishuka kupiga picha, wazazi wanaruka na jua linabaki na mayai. Huko hujitolei kwenda kisiwani, tafadhali. Unajitolea kukaa na manahodha wa boti za watalii mkaelewana wasishushe watu.

Kuhusu kusema na watu, ondoa kabisa sauti ya uaskari. Eneo la Watamu ni hifadhi ya bahari tangu 1968 na wenye mamlaka ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Wewe wa kujitolea huna uwezo wa kumkamata mtu, na ukijifanya unao utaaibika. Bamvua moja vijana walikuwa wamesimika magoli yao palepale ndege wanapojikusanya. Nikasalimia, nikaomba wasogee. Mmoja akaniuliza, "Kwani ndege wamekodi ufuo?" Nikamwambia wamekodi kwa saa mbili tu, maji yakipwa wanamwachia uwanja wote. Wakacheka, wakahamisha magoli. Ningeanza na mambo ya sheria, wangecheza mpaka usiku.

Watoto wanaokimbilia ndege ili waone wakiruka, wape darubini. Mzazi naye atakuja kuchungulia, na hapo umepata watu wawili. Wenye mbwa ni wagumu zaidi. Usiseme mbwa ni mbaya, omba afungwe kamba mpaka mpite lile fungu. Wenye droni waambie mapema kabla hawajairusha, maana ikishapaa ndege wameshaondoka.

Jambo moja ambalo wageni wengi wa kazi hii hulikosea: wanawaandama wavuvi. Mvuvi anayepita njia yake ya kila siku kwenda kwenye nyavu, ndege hawamshughulikii sana. Amewazoea, nao wamemzoea. Mwanzo wako uwe kwa wazee wa BMU, kile chama cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Nenda, toa shikamoo yako, kaa, eleza. Wao ndio watakaokuonyesha ndege wanakaa fungu gani upepo ukibadilika.

Dalili ya kujifunza ni hii: ndege waliolala wakianza kuinua vichwa mmoja mmoja, umeshasogea sana. Wakianza kutembea, rudi nyuma taratibu. Usingoje waruke.

Pa kuanzia: A Rocha Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, wako Watamu na wana kawaida ya kuhesabu ndege wa Mida, watakufundisha kuwatambua. Pale Mida kuna daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko, na kiingilio chake husaidia karo za watoto wa vijiji vya jirani. Nalitaja kwa sababu ukimwambia mwanakijiji kwamba ndege hawa wamechangia karo, mazungumzo yanabadilika. Januari kuna hesabu ya ndege wa majini, nayo huhitaji watu wa kuandika hata kama hujui ndege hata mmoja. Huko Sabaki watafute vijana wanaoongoza wageni kuangalia ndege, wanaujua ule mlango wa mto kuliko mimi.

Posho hakuna. Nauli ya bodaboda ni yako, maji ya kunywa ni yako, na kofia usisahau. Bamvua ijayo nitakuwa Mida jioni. Ukitaka kuja, niandikie hapa siku moja kabla nikuambie tukutane upande gani, kwa sababu kaskazi ikivuma sana wanahama fungu.