Maswali ya Wasomaji: Kamba ya Kitanzi

Picha ya mchungaji wa Hawaii akirusha kitanzi, iliyotoka katika toleo lililopita, imeleta barua nyingi. Tumechagua nne.

Shikamooni. Hawaii ni visiwa katikati ya bahari. Ng'ombe walifikaje, na kitanzi kilikuwa na kazi gani huko? (Msomaji, Mpwapwa)

Marahaba. Waliletwa mwaka 1793 na nahodha Mwingereza, George Vancouver, kama zawadi kwa mfalme Kamehameha. Mfalme akapiga marufuku kuwachinja. Wakazaliana porini mpaka wakawa balaa kwa mashamba, na mwanzoni mwa miaka ya 1830 mfalme Kamehameha III akaita wachungaji wa California, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Meksiko, waje kuwafundisha wenyeji. Mchungaji wa Hawaii anaitwa paniolo, jina linalosemekana kutokana na neno español, yaani "Kihispania", lugha ya wachungaji hao.

Fahali mwitu akishanaswa pembe, hakuna aliyejaribu kumburuta siku hiyo hiyo. Alifungwa kwenye mti akaachwa siku moja au mbili, avutane na mti hadi achoke. Kisha alifungwa pamoja na maksai mzoefu aliyeijua njia ya kurudi zizini, na maksai ndiye aliyemshusha mlimani.

Kazi ya pili ilikuwa ufukweni. Mahali kama Kawaihae hapakuwa na gati la meli kubwa, hivyo mpanda farasi alimnasa ng'ombe, akaingia naye baharini mpaka kwenye mashua. Huko ng'ombe walifungwa vichwa ubavuni mwa mashua, pua juu ya maji, wakaogeleshwa hadi melini, kisha wakainuliwa mmoja mmoja kwa mkanda wa tumboni. Wenye kudhani paniolo ni wanafunzi tu wa Wamarekani wakumbuke mwaka 1908: Ikua Purdy, paniolo wa Waimea huko Hawaii, alikwenda Cheyenne, Wyoming, akashinda mashindano ya kunasa madume ya ng'ombe kwa sekunde 56.

Nina ngozi nzima ya ng'ombe. Naweza kusuka kamba kama hiyo? (Msomaji, Nanyuki)

Unaweza, ila iwe ngozi mbichi, isiyopitia kiwanda cha ngozi. Kwanza ikague kwenye mwanga: tundu la kupe, kovu la chapa au mkato wa kisu cha mchinjaji ndipo kamba itakapokatikia. Iwambe kivulini, ipare nyama na mafuta, kisha uikate iwe duara. Sasa anza ukingoni na ukate ukanda mmoja kwa kuzunguka kuelekea katikati, upana wa milimita 12 hivi. Usiukate mwembamba tangu mwanzo, kwa sababu ukiuvuta utarefuka na kupungua upana, na hautapungua sawasawa. Uvute ukiwa na unyevu, unyoe manyoya, ndipo uupunguze ubaki milimita 6 hadi 8 kote, na kingo za upande wa nyama uzichonge kidogo zisikwaruzane.

Kwa kamba ya mita 15 tayarisha kanda nne za mita 21 au 22, kwani kusuka kunakula urefu. Ukanda wa nje kulia unapita nyuma ya kanda mbili, unarudi mbele juu ya moja; kisha wa nje kushoto vivyo hivyo. Kaza kila mzunguko kwa nguvu ile ile. Kosa tunaloliona zaidi ni mtu kuanza asubuhi ana nguvu na kumaliza jioni mikono imelegea: nusu ya kamba inakuwa ngumu, nusu laini, na ikirushwa inapinda njiani. Kanda ziwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Zikilowa chapachapa, kamba ikikauka italegea.

Maliza kwa kuipaka shahamu ya ng'ombe na kuiviringisha chini ya kiatu kwenye ubao hadi iwe duara. Baada ya hapo itundike juu, mbali na jua na mvua. Na mbali na mbwa. Kwao hicho ni chakula.

Kamba ya ngozi tuliifunga imara kwenye tandiko la farasi, ndama mkubwa akaikata mara moja. Ina maana mkonge ni bora? (Msomaji, Laikipia)

Kilichoikata ni lile fundo. Ngozi haina mnyumbuko wa kutosha kumeza mshtuko wa ghafla. Paniolo haifungi: mnyama akinaswa, anaizungusha kamba mara mbili au tatu kwenye kigingi cha mbele cha tandiko na kuiacha iteleze kidogo, msuguano ule ukila nguvu. Kidole gumba kiwe juu. Kikibaki kati ya kamba na kigingi, kinaondoka.

Wasami wa kaskazini ya Ulaya hawana hata kigingi, maana hurusha wakiwa wamesimama chini. Wananasa pembe za reinidia, kulungu wa nchi za baridi wanaowafuga, na kuupokea mvuto kwa mwili. Kichwa kikishageuzwa mnyama hapati nguvu ya kukimbia. Hawazungushi kitanzi kichwani. Mizunguko ya kamba hukusanywa mkononi na kurushwa kwa pamoja. Kwetu wafugaji hawakuhitaji haya: ng'ombe anayelala bomani kila usiku hushikwa kwa mkono. Waliojaribu kitanzi hapa ni wageni, kama Mmarekani Charles "Buffalo" Jones na wenzake, ambao mwaka 1910 walimnasa faru na simba jike huko Kenya wakiwa juu ya farasi.

Baba mdogo anasema kuna watu wanaokamata papa kwa kitanzi. Anatania? (Msomaji, Pemba)

Hatanii. Ni New Ireland, Papua New Guinea, katika vijiji kama Kontu. Mvuvi hutoka peke yake kwa mtumbwi wenye tengo moja, si mawili kama ngalawa yetu. Anatikisa majini pete ya vifuu vya nazi. Mlio ule humvuta papa. Kisha anamwonyesha samaki wa chambo na kumvuta polepole apite ndani ya kitanzi, papa akimfuata. Kichwa kikishaingia, kitanzi hukazwa nyuma ya matamvua.

Kamba haifungwi kwenye mtumbwi, la sivyo ungepinduka. Inashikana na boya la mti lililochongwa kama feni ya mabapa mawili. Papa akizama, boya linamrudisha juu. Akizama tena, linamrudisha tena. Mvuvi anasubiri pembeni na rungu lake.