Jina la Kitabu Usilitaje kwenye Simu

Mwezi wangu wa pili kazini maktaba nilikabidhiwa orodha ya vitabu vilivyochelewa, nipige simu. Namba ya tano ikapokelewa na mwanamume. Nikamweleza kwa upole, huku nikijiona mchapakazi, kwamba mkewe bado ana kitabu chetu cha taratibu za talaka na kimepitisha siku 9. Kimya. Kisha akauliza taratibu, "Kitabu cha nini?" Nami nikarudia! Kurudia kule ndiko kunakoniuma hadi leo. Yule mama alikuja kesho yake, akakiweka kitabu kaunta bila kunitazama, na sikumwona tena.

Wewe unayeanza kukaa kaunta utasikia mengi kuhusu wadukuzi. Wapo, ndiyo, lakini siri nyingi za wasomaji huvuja midomoni mwetu, tena kwa nia njema. Ukipiga simu, sema una ujumbe kutoka maktaba, mengine mwambie mwenye kadi mwenyewe. Hata ujumbe mfupi usitaje jina la kitabu, maana simu ya mtu mmoja husomwa na wengi.

Swali utakalolizoea ni "Nani kakichukua?" Muulizaji mara nyingi hana ubaya, ana haraka tu. Mjibu, "Kimeazimwa, kinarudi tarehe 14. Nikuwekee nafasi?" Akidai mwazimaji ni rafiki yake, basi ampigie huyo rafiki. Mume, bosi, mwalimu, wote jibu ni hilohilo. Wazazi wa watoto wadogo ndio wanaonitoa jasho, kwa sababu faini wanalipa wao. Hapo fuata sera ya maktaba yenu, na kama haijaandikwa, muulize mkuu wako leo, usingoje mzazi aliyekasirika.

Zamani katika maktaba nyingi jina la mwazimaji liliandikwa kwenye kadi iliyokaa mfukoni mwa kitabu, na kila aliyekifungua aliona nani wamemtangulia. Tulidhani kompyuta imeimaliza aibu hiyo, kumbe imeificha tu. Programu ya kuendeshea maktaba iitwayo Koha, kwa mfano, inaweza kupangwa itunze historia ya msomaji daima, kwa muda fulani, au iitenganishe na jina lake mara tu kitabu kinaporudi. Uliza mapema yenu imepangwaje. Mimi nataka jina liondoke. Wenzangu hulalamika: kurasa zikikutwa zimechanwa, tumdai nani? Nawajibu, kikague kitabu kabla ya kukipokea kwenye mfumo, msomaji akiwa bado mbele yako. Nakubali kwamba sanduku la kurudishia usiku linaiharibu hoja yangu. Kwa vitabu hivyo, kumbuka mwazimaji wa mwisho kwa siku chache, basi.

Skrini isitazame foleni. Vikaratasi vya vitabu vilivyowekewa watu visiwe na majina kamili. Tarakimu za mwisho za kadi zinatosha.

Limebaki la askari. Mwaka 2005, jimboni Connecticut, Marekani, wakutubi wanne walikwenda mahakamani kuipinga barua ya FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, iliyodai taarifa za matumizi ya kompyuta za maktaba, huku wamekatazwa hata kusema kwamba wameipokea. Mwaka 2006 serikali iliachana na dai hilo. Wewe wa kaunta hudaiwi ushujaa wa namna hiyo. Mkaribishe askari, usimfungulie rekodi wala usibishane naye, mpeleke kwa mkuu, ambaye atauliza amri ya mahakama na kumwita mwanasheria. Na usifute chochote baada ya ombi kufika, hata ukimwonea huruma msomaji, kwa sababu hapo unaharibu ushahidi. Ufutaji hufanywa kwa ratiba, siku ambazo hakuna anayeuliza. Ya kwetu hujiendesha yenyewe kila usiku, na asubuhi kazi yangu ya kwanza, kabla ya kufungua mlango, ni kuangalia kama kweli imefuta.