Mfumo wa kuingiza hewa kwa pikapu ya dizeli isiyobadilishwa

Umeuliza ni mfumo upi wa kuingiza hewa unaofaa pikapu ya dizeli ambayo bado iko kama ilivyotoka kiwandani. Usitarajie ongezeko kubwa la nguvu, kwa sababu nguvu ya injini ya dizeli hutegemea kiasi cha mafuta yanayonyunyizwa ndani ya silinda, na kompyuta ya gari haitaongeza mafuta eti kwa kuwa hewa imepata njia pana zaidi. Utakachokisikia ni mvumo wa turbo (kifaa chenye mapanga kinachosukuma hewa ndani ya injini), ambao wengi huudhania kuwa ndiyo nguvu yenyewe.

Ukiamua kununua, chagua wenye kisanduku kilichofungwa kinachovuta hewa ya nje, kwani kichujio kilichoachwa wazi chini ya boneti huvuta hewa ya moto, ambayo ina oksijeni kidogo kwa ujazo uleule. Jambo ninalolisisitiza zaidi ni vumbi: vichujio vya pamba vinavyopakwa mafuta hupitisha hewa kwa urahisi, lakini mara nyingi huachia chembe nyingi kuliko vile vya karatasi, na chembe hizo hula mapanga ya turbo na kuta za silinda, tena ukizidisha mafuta baada ya kukiosha kichujio, sensa ya kupima hewa huweza kuchafuka. Mimi ningechukua kichujio kikavu, na ningemtaka muuzaji anionyeshe matokeo yake ya kipimo cha ISO 5011, yaani kiwango cha kimataifa cha kupima vichujio vya hewa vya injini. Hakikisha pia kwamba mdomo wa bomba hauko chini kiasi cha kuvuta maji unapopita kwenye dimbwi.