Shangazi, naenda Kibosho na elfu themanini

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Tabata na mume wangu na watoto watatu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Agosti walipunguzwa kazini, sasa anashika vibarua, na mimi nauza chapati na maandazi asubuhi. Krismasi tunakwenda kwao Kibosho, Moshi, kama kila mwaka. Mama mkwe ni mjane, na mpaka leo mwanawe hajamwambia kuwa hana kazi. Mwaka jana wifi mkubwa alileta redio na mablanketi, nyumba nzima ikashangilia. Kitenge changu kikawekwa juu ya kochi na sikusikia tena kikitajwa. Safari hii tukishatoa nauli tunabaki na shilingi 80,000 za zawadi, na kule kuna mama, mawifi wawili na watoto tisa. Rafiki yangu anasema nikope 300,000 kwenye kikoba. Januari binti yangu anaanza kidato cha kwanza. Naona aibu hata kupanda basi. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye kile kitenge. Nitakirudia.

La mkopo tulimalize kwanza. Usikope. Deni la Desemba linalipwa Januari, na Januari yako tayari ina mwenyewe: sare, viatu vyeusi, begi, madaftari. Ada shule ya serikali haidaiwi tangu 2016, lakini sare haishonwi bure. Ukikwama kurejesha kikobani utatafuta pa kuzibia, na hapo ndipo kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, wanapokungoja. Wale hawana Krismasi. Watabeba hata jiko unalochomea chapati, na hapo nyumba nzima italala njaa kwa ajili ya zawadi ya siku moja.

Mimi nilishakopa hivyo, nikiwa bado mgeni kwa wakwe zangu. Nilinunua hotipoti tatu zenye maua, deni nikalimaliza Juni. Mama mkwe aliziweka kabatini na karatasi zake za dukani, na sikuwahi kuona chakula kikitoka humo. Mwaka uliofuata sikuwa na kitu kabisa, nikampelekea achari ya embe kwenye chupa ya jamu. Tangu hapo, kila Novemba mpaka anafariki, alikuwa akinipigia: "Mwanangu, achari yangu umeianika?"

Sasa nikuambie kinachonihangaisha zaidi kuliko hela. Mama hajaambiwa. Anajua mwanawe bado yuko kwenye lori, mshahara unaingia. Ukimfikishia visheti na chupa ya achari kutoka kwa dereva mwenye kazi, ataviona ni ubahili, na sitamlaumu. Vitu vile vile vikitoka kwa mwanawe aliyepunguzwa kazi na bado amefunga safari mpaka kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwao, na wanawe wote, mama atavipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo kabla hujanunua nazi hata moja, mumeo ampigie mama yake. Ampigie yeye, usimpigie wewe. Ukimpigia wewe, utaonekana umekwenda kumsemea mume. Apige jioni mama akiwa ametulia, amwambie ukweli kwa maneno machache: "Mama, kazi ilikwisha Agosti. Nilishindwa kukwambia. Krismasi tunakuja wote, ila mkono ni mfupi." Itamuuma kusema, najua. Lakini mama aliyezika mume na kulea watoto kwa ndizi na kahawa anaijua dhiki kuliko sisi. Atakachoshindwa kuvumilia ni kusikia habari hizo kwa jirani.

Baada ya simu hiyo, tuingie jikoni, maana wewe una mikono ya unga, na hiyo ni mali.

Wifi alileta vya dukani, na maduka Moshi mjini yamejaa. Wewe peleka cha pwani. Mnazi hauoti kwenye migomba ya Kibosho, na mwembe hauipendi ile baridi ya huko juu. Dar mwezi huu embe mbichi ziko kila kona. Chukua kumi ngumu, zikate vipande vyembamba na ganda lake, zichanganye na chumvi vijiko vitatu vya chakula, uzianike jua kali siku mbili mpaka zinyauke, ukikipinda kipande kisikatike. Kitunguu saumu, tangawizi na pilipili uvitwange, uvikaange kwenye mafuta pamoja na bizari mpaka jirani aulize unapika nini. Tia siki kikombe kimoja na sukari kidogo, kisha embe, zichemke dakika chache tu. Chupa za jamu omba kwa majirani, zichemshe, zikaushe kabisa, maana tone moja la maji linaleta ukungu. Fanya hivyo wiki mbili kabla ya safari, achari inataka kukaa.

Watoto tisa wapate kashata na visheti. Visheti kwako ni mchezo, na vikikauka vizuri havina haraka. Kashata za nazi ndizo za kuangalia: usizipike mapema, nazi inachacha. Zipike usiku wa kuamkia safari. Kwa nazi mbili, sukari nusu kilo na maji kikombe yachemke mpaka yavute uzi ukiyagusa kwa vidole viwili kwenye kijiko kilichopoa, ndipo umimine nazi na iliki, ukoroge mpaka iachane na sufuria. Kata ingali na joto, ikipoa itavunjika ovyo. Kila mtoto afungiwe zake kwenye karatasi ya kaki, na binti yako aandike majina. Mtoto wa miaka mitano akiona jina lake limeandikwa, haulizi bei. Tafadhali hakikisha majina yote tisa unayo, pamoja na yule aliyezaliwa mwaka huu. Mama yake ataangalia.

Mawifi nunulia doti moja ya kanga, uikate, kila mmoja upande wake. Usione haya. Siku ya harusi au msiba watatoka wamevaa sare, na watu watauliza. Ila soma maneno kabla hujalipa! Unajua kanga zilivyo. Kuna zilizoandikwa kwa ajili ya kugombana, na wifi wa redio atasoma kila herufi. Tafuta yenye dua au shukrani.

Kwa mama, nenda studio na ile picha nzuri ya marehemu baba mkwe ambayo najua mumeo anayo kwenye simu. Isafishwe, iwekwe fremu ya kawaida. Wazee wengi wana picha moja tu ya mwenzao, tena imefifia kwa moshi wa kuni. Zawadi nyingine kwa mama ni mumeo mwenyewe. Afike siku mbili mapema, na nyundo. Banda la kuku, mlango unaokwaruza, mfereji uliong'oka, mama akiwa peke yake hivyo vyote vinamngoja mtu. Naye mumeo, mtu aliyekaa tangu Agosti akijiona hana faida, kusimama juu ya ngazi nyumbani kwao mama akimshikia misumari kutamfaa kuliko maneno yangu na yako.

Wifi akileta friji safari hii, ishangilie kwa moyo. Yeye naye anampenda mama yake.

Turudi kwenye kitenge. Umekaa nacho moyoni mwaka mzima ukiamini kilidharauliwa. Mimi nauliza: nani angekishona? Mama mzee, peke yake juu mlimani, inabidi ateremke mpaka kwa fundi, apimwe, alipe, arudi tena kuchukua. Redio ilichomekwa ikaimba siku ile ile. Kitenge chako kilihitaji fundi, na wewe ulishapanda basi kurudi Dar. Huenda kiko kwenye sanduku lake kimekunjwa vizuri, kinangoja.

Kwa hiyo toa kidogo kwenye ile elfu themanini, uweke pembeni hela ya fundi. Ukifika, msalimie, mpumzike, na kesho yake mkiwa wawili tu jikoni mwombe: "Mama, kile kitenge cha mwaka jana kiko wapi, nikupime?" Weka futi kwenye mkoba wa mkononi, usiifungie kwenye begi la chini ya basi.