Mnaotoka pwani kuja kurusha ndege uwanja wa Wilson, Nairobi, jua la saa nane si mchezo

Mi masaa yangu ya kwanza ya kurusha ndege niliyapata pwani, kwenye vindege vidogo vya Cessna 172 hivi hivi, na kule usawa wa bahari ndege unaipa moto inaondoka yenyewe, kwa hiyo nilipokuja Nairobi nilijiona fundi tayari. Februari, saa nane mchana, nyuzi 28, tangi zote mbili zimejaa mpaka juu kwa sababu nilikuwa mvivu wa kupiga hesabu, na kati yangu na mwalimu hakuna mwembamba. Tukakimbia, tukakimbia, nikaona mwisho wa ranwei unakuja nikavuta. Ikanyanyuka! Nikafurahi kama sekunde tatu hivi halafu ikagoma kupanda, miti inakua kwenye kioo, mi nazidi kuvuta, na ile honi ya stoli (inayoonya kwamba bawa linakaribia kushindwa kubeba ndege) kwenye bawa la kushoto ikaanza kisauti chake chembamba kama mtoto anayetaka kulia. Mwalimu hata hakupandisha sauti, aliweka kiganja akasukuma usukani mbele kidogo tu. "Acha kuvuta mwanangu, huyu si ng'ombe."

Sasa shida iko hapa. Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari, na kwa urefu huo vitabu vya ndege vinategemea joto la nyuzi 4 hivi. Ukiwa na 28 umezidi kwa 24, kila nyuzi moja jumlisha futi 120, yaani presha ikiwa ya kawaida ndege inajiona iko futi 8,400 kabla hujaachia hata breki. Hiyo ndo densiti altitudi. Mombasa kwa nyuzi 32 hesabu hiyo hiyo inakupa futi 2,300 hivi tu! Na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) inapoteza nguvu kama asilimia 3 kwa kila futi elfu, ile ya nguvu za farasi 160 unabaki na 120 hivi, propela nayo inachota hewa nyepesi, na mbio za ranwei zinaweza kukaribia mara mbili ya ulizozoea.

Kinachodanganya watu ni kwamba ndege inanyanyuka. Ikiwa chini kabisa karibu na lami, kimo kisichofika urefu wa mabawa yake ncha hadi ncha (172 ni mita 11), ardhi inalisaidia bawa, ukipanda juu ya hapo msaada umeisha na wewe spidi huna. Hapo dawa ni kushusha pua, ibaki chini ichukue spidi kwanza, ingawa mwili wako wote unakuambia vuta.

Macho nayo yanadanganya. Saa ya spidi ikisoma noti 65 (noti ni maili ya baharini kwa saa), kwa hewa ile ukweli ni kama 74, kwa hiyo ardhi inapita haraka na wewe unaona mbona nina mbio za kutosha, unaanza kukata kona mapema huku unavuta. Bawa halijali macho yako, linastoli kwa namba ile ile ya saa ya spidi kama pwani, na ukiilaza ndege kwenye kona linastoli mapema zaidi: kama ukiwa mnyoofu ni noti 50, ukilala digrii 45 ni karibu 60. Ndo maana injini ikizima ukiwa futi mia mbili au mia tatu usijaribu kurudi ranwei, shusha pua utafute pa kutua mbele yako.

Halafu kile kinobu chekundu cha mafuta, nyinyi wa pwani mnakisukuma mpaka mwisho kila siku, huku kwetu injini inakunywa mafuta kuliko hewa iliyopo na inakosa nguvu, soma kitabu cha ndege yako kinasemaje kuhusu kukivuta kupunguza mafuta kabla ya kuruka. Mi sikujua, nilidhani mwalimu anabana matumizi.

Siku hizi natumia nusu ya ranwei. Nikifika katikati sina asilimia 70 ya spidi ya kunyanyukia, nafunga throto (naondoa nguvu ya injini), breki, narudi. Mwaka jana nilifunga hivyo na abiria ndani, jamaa akanuna kweli kweli. Tukashusha begi mbili, tukaondoka kesho yake saa moja asubuhi, nyuzi 14.