Loweka mahindi usiku, panda asubuhi

Wiki hii msomaji wa Ruashi, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: “Yaya, nilipanda mahindi mvua ya kwanza ilipopita, na mashimo mengi hayana kitu. Mbegu nilinunua bei kali. Ile habari yako ya kuloweka mbegu usiku kabla ya kupanda ni ya kweli ao ni maneno ya watu?”

Ni ya kweli, mdogo wangu. Mimi nalima barabara ya Kasenga, na siku hizi sipandi punje ya mahindi ambayo haijakunywa maji usiku kucha. Mashimo yako yaliyo wazi yajaze sasa hivi kwa mbegu uliyoloweka. Ukichelewa, mche mpya utakuta wenzake wamekwisha kuufunika, utabaki mnyonge mpaka mavuno.

Huku Katanga tuna kifuku kimoja tu. Mvua inaanza mwisho wa Oktoba ama Novemba, inakatika Machi au Aprili. Wenzetu wa Bukavu wanapanda Septemba na tena Februari. Sisi tukipoteza mwanzo, tumepoteza mwaka. Na mvua zetu za kwanza zinadanganya: inanyesha siku mbili, kisha jua kali linarudi na udongo unashika ukoko juu. Mbegu kavu inabaki chini ikingojea, kwa sababu punje ya mahindi lazima inywe maji karibu theluthi ya uzito wake kabla ya kuamka. Wakati inangoja, panya na wadudu wanaila. Ukiinywesha nyumbani, inaingia shambani ikiwa imekwisha kuamka, inatoa mizizi unyevu ukiwa bado upo.

Nilipoleta jambo hili katika kikundi chetu cha wakulima, kiongozi mmoja alinikata maneno mbele ya watu wote. Alisema mwanamke ambaye hakusoma agronomia, elimu ya kilimo, asije kuwafundisha watu kuozesha mbegu. Watu walicheka. Sikumjibu. Nilichukua mbegu za gunia moja, nusu nikaloweka, nusu nikaacha kavu, nikazipanda asubuhi moja, mistari pembeni ya mistari, kando ya njia ambapo kila mtu wa kikundi anapita. Zilizolowekwa zilitokea mapema, na zilitokea pamoja, urefu mmoja. Za kavu zilitokea moja leo, nyingine keshokutwa, pengine hakuna. Palizi ilipofika, hakuna aliyeuliza tena ipi ni ipi. Leo wale waliocheka wananipigia simu usiku kuuliza masaa ya kuloweka, na ninawajibu wote. Lakini neno la pole sijalisikia hata kwa mmoja, na bado linaniuma.

Na kama ni agronomia wanataka, ipo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor, huko Wales, Uingereza, walitoa matokeo ya kazi waliyofanya na wakulima wa India kwa mahindi, mpunga na dengu. Wakulima wenyewe walijaribu katika mashamba yao, wakaona mbegu iliyolala ndani ya maji usiku mmoja inaota haraka na kukua kwa nguvu zaidi.

Kazi yenyewe ni ndogo. Jioni saa kumi na mbili weka mahindi ndani ya besheni safi, mimina maji safi yafunike mbegu. Asubuhi saa kumi na mbili toa mahindi, au ngoja kidogo, lakini usipite masaa 18. Yasambaze juu ya gunia kivulini mpaka maji ya nje yakauke na punje zisishikane mkononi. Panda siku hiyohiyo. Mtama unatosha masaa 8 hadi 10, mpunga masaa 24. Ukiona mzizi umechungulia, umechelewa, utavunjika wakati wa kupanda. Angalia saa, ndugu zangu, angalia saa! Na udongo uwe umelowana. Mbegu uliyoiamsha ukaizika katika udongo mkavu umeiua kwa mkono wako.

Kuloweka hakufufui mbegu iliyokufa. Kabla ya msimu chukua punje 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, hesabu baada ya wiki. Zikiota chini ya 80, tafuta mbegu nyingine.

Vijana wa Lubumbashi, tumezoea sana kungojea unga wa Zambia. Malori yakikwama mpakani Kasumbalesa, mfuko wa kilo 25 unapanda bei na kila nyumba inalia bukari, ugali wetu. Ardhi tunayo, mvua Mungu anatupa. Maji ya besheni moja hayana bei. Mtu anayekataa hata kujaribu mstari mmoja asilaumu serikali peke yake.

Maharagwe na karanga msiloweke usiku kucha. Mama analoweka maharagwe kwa ajili ya sufuria, si kwa ajili ya shamba: ngozi inapasuka, chakula cha mche kinavuja ndani ya maji, mbegu inakosa hewa. Zipandeni kavu, udongo ukiwa na unyevu. Na mbegu ya duka yenye rangi nyekundu au ya waridi imepakwa dawa. Hiyo usiiloweke kabisa. Dawa itatoka, mikono yako itaishika, na kuku wakinywa yale maji wanaweza kufa.