The Hateful Eight ya kutafsiriwa? Mkuu, usithubutu

Mkuu, irudishe hiyo flashi kabla Jumamosi haijafika. Umesema umejaziwa The Hateful Eight iliyotafsiriwa ukamwonyeshe baba mkwe kwa kuwa mzee anapenda makauboi, unauliza kama ataifurahia, kama damu imezidi, na kama kuna kauboi nyingine kali zaidi. Mimi hiyo njia nimeshaipita, tena na mkwe vilevile, na mahari ilikuwa haijaisha.

Aliyeniponza ni jamaa wa laibrari ya muvi hapa kwetu Tandika. "Kaka, chukua ya kutafsiriwa, wazee hawataki Kiingereza. Halafu hii ni risasi mwanzo mwisho." Muongo mkubwa yule. Risasi mwanzo mwisho wapi? Muvi ya karibu saa 3, watu wamekwama kwenye nyumba moja huko Wyoming kwa ajili ya dhoruba ya theluji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimeisha ila vinyongo bado, na karibu nusu nzima wanachimbana kwa maneno kabla mtu hajalambwa risasi humo ndani. Maneno ndiyo muvi yenyewe. Sasa juu ya maneno hayo unabandika mtu mwingine anayeropoka!

Sikia nilichokutana nacho. Ndani ya gari la farasi, Samuel L. Jackson ana barua ya Abraham Lincoln. Kurt Russell anaiomba, anaisoma taratibu, jitu lile katili uso wote umelainika. Mtafsiri wetu: "Hapa anasoma risiti, jamaa anadaiwa." Risiti! Baadaye wako mezani wanakejeliana kuhusu ile barua, baba mkwe akanigeukia: "Mwanangu, hiyo risiti ina nini mbona wanataka kuuana?" Nikajifanya natafuta rimoti. Na barua hiyohiyo inarudi mwishoni kabisa, kwa hiyo na mwisho nao ukaenda na maji. Kipande cha kahawa yenye sumu, ambacho raha yake yote ni wewe kujua huku wanaokunywa hawajui, mtafsiri akamtaja aliyetia sumu birika halijaguswa, kisha akatuma salamu kwa wadau wa Mbagala. Kuna gitaa linavunjwa pale, gitaa la kweli la miaka ya 1870 lililoazimwa makumbusho ya Martin, kampuni ya magitaa, na Jennifer Jason Leigh anavyopiga kelele ni mshtuko halisi, haigizi. Sisi tuliambiwa "amekasirika anavunja vyombo".

Kilichoniuma kuliko vyote ni muziki. Huyu mzee ujana wake umeishia kwenye majumba ya sinema ya Avalon na Empress kwenye kauboi za Waitaliano, ukimpigia mluzi wa Ennio Morricone anakutajia muvi. Na Morricone huyohuyo ndiye aliyetunga muziki wa hii, ukampa Oscar mwaka 2016, uzee umeshamkolea. Mzee hakusikia hata chembe, umefunikwa wote na kelele za mtu wa salamu. Halafu mzee mwenyewe alikuwa karani bandarini, Kiingereza anakijua kunishinda mimi na yule muuza muvi tukijumlishwa! Ilipokaribia saa mbili usiku akasema kwa upole, "Tuwekee taarifa ya habari, mwanangu." Kuku wa kienyeji tumeshachinja, soda zimeshafunguliwa. Nikaweka. Angalau watangazaji walitafsiri vizuri.

Damu ipo, tena ya kutapikwa, na yule mwanamke anayepelekwa kunyongwa, huyo Jennifer, anapigwa usoni tangu mwanzo. Wapo wanaomchukia Tarantino, mwongozaji wake, kwa hilo na siwalaumu. Watoto wakalale. Ila mzee wa makauboi damu haitamtoa sebuleni, kitakachomtoa ni mtafsiri.

Kwa hiyo sauti halisi, mkuu, hata kama picha ina ukungu. Maandishi ya chini ni sawa, mtu wa kuongea juu hapana. Nenda dukani na usikubali "tayari nimekuwekea bosi, ni yenyewe". Aifungue hapohapo, asogeze mpaka kwenye gari la farasi. Ukisikia neno moja la Kiswahili pale, chomoa flashi yako uondoke, hata akikwambia hii ndiyo inayouzika.